Nilipoteleza na Mogaka Mgongoni

Mpira uliolowa maji ya barafu una harufu yake. Si ile ya gurudumu lililochomwa na jua, hiyo kila mtu anaijua. Hii iko chini zaidi, inakaa nyuma ya ulimi, chungu kidogo, kama maji yaliyolala kwenye debe la zamani. Niliinusa siku moja nikiwa mtoto, na sikuinusa tena mpaka juzi juzi, uzeeni, nimesimama kwenye foleni huku Texas na mjukuu wangu nimemfunga mgongoni. Miguu ikakataa kwenda mbele.

Nawaandikia wenzangu wa rika langu mnaolea wajukuu katika nchi hii. Najua mtasema nilikuwa na haki ya kumfunga. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti, mbele ya watu.

Nakaa Houston, mtaa wa Sharpstown, kwa kijana wangu. Shule zikifungwa wakati wa Krismasi, binti yangu Moraa huja kunichukua anipeleke kwake Mansfield, karibu na Dallas, maana yeye ni nesi, na likizo ya watoto si likizo yake. Ana wasichana wawili. Kerubo ana miaka tisa na hana muda na mtu. Neema ana minne. Huyo ukimsemesha Kiswahili anakuelewa neno kwa neno, kisha anakujibu Kiingereza, kwa hiyo maneno yake humu nimeyageuza.

Safari hii Moraa akaniambia, "Mama, kesho niko off. Tunawapeleka watoto kuteleza kwenye theluji."

"Theluji ya wapi? Leo nimeona mtu dukani amevaa kaptula."

"Inatengenezwa na mashine. Wanafunika kilima kizima, watoto wanateremka. Utaona."

 Nilikwenda chumbani nikatia leso ya kubebea mtoto kwenye mkoba. Ukinitajia mtoto mdogo na kilima, mkono wangu unatafuta leso wenyewe, siuulizi. Mgongo ndio mahali pekee ninapomwamini mtoto. Mambo yaliyowahi kunipata mgongoni hapo nilikuwa nimeyafukia zamani, na mtu akifukia kitu vizuri anasahau hata kwamba alifukia.

Kilima chenyewe kilikuwa kirefu kuliko nilivyofikiri. Cheupe kabisa, na kando yake nyasi kavu za Texas na magari yameegeshwa juani. Watu walikuwa wanapanda ngazi upande mmoja na kushuka upande mwingine wakizunguka kama pia. Nilimfunga Neema palepale nje ya gari, juu ya jaketi, nikaingia foleni. Ndipo foleni ikasogea karibu na rundo la zile wanazokalia, nikaona kwamba ni tyubu, tyubu nyeusi zilizolowa, na harufu ikanifikia.

Msichana mmoja mfanyakazi wa pale, mrefu, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akanitazama, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mama, anasema huwezi kumbeba," Moraa akanieleza. "Kila mtoto na tyubu yake. Hata mapajani hawaruhusu."

"Mwambie nimebeba watoto wangu saba kwa mgongo huu na hakuna aliyeanguka."

"Mama, tafadhali. Watu wanangoja."

"Wangoje. Wamekuja kuteleza, hawajachelewa kazini."

Yule msichana hakubishana. Aliinama, akaokota ncha ya leso yangu iliyokuwa inaburuta kwenye theluji nyuma yangu, akainyanyua nione, akanyoosha kidole kwenye tyubu, kisha kwenye shingo yake mwenyewe. Basi. Hakujua ananionyesha nini. Nilimfungua Neema.

Nikamwambia Moraa, "Kwa mgongo wangu hawamtaki. Bila mgongo wangu sitaki mimi. Hatateleza."

"Mama, mtoto ni wangu."

"Ni wako. Na wewe ni wangu."

Akavuta pumzi kama anavyovuta akirudi kutoka zamu. "Sawa. Nampeleka Kerubo kwanza. Nikirudi utaniambia neno lako la mwisho, na nitalifuata. Lakini ukisema hapana, umwambie wewe mwenyewe. Mimi siwezi. Ameota kilima hiki wiki nzima."

Wakapanda ngazi. Nikabaki kwenye benchi na Neema, miguu yake inaning'inia, macho yake yako juu kule. Hakulia. Ingekuwa rahisi kama angelia.

Sasa niwaambie nilichokuwa ninakiona mimi.

Tulikaa kwenye kambi ya wachuma chai, upande wa Kericho, kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi zinazoshikana ukuta kwa ukuta. Sisi ni Wakisii, jirani zetu wa kulia walikuwa Wajaluo, wa kushoto Waluhya, ndiyo maana Kiswahili nilikijua kabla sijaota meno yote. Umri wangu wakati ule siujui sawasawa, ila meno ya mbele yalikuwa yametoka upya, makubwa, na watu walinicheka. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili ili nimbebe ndugu yangu Mogaka, na silaumu mtu. Mama hangeweza kuchuma na mtoto mgongoni, kikapu kinakaa wapi?

Kila asubuhi kabla ya kushika kikapu mama alinigeuza, akamlaza Mogaka mgongoni kwangu, akavuta leso, akaifunga kifuani. Siku zile alikuwa anapiga fundo mara mbili na kulikaza kwa meno, kwa sababu wiki moja kabla fundo langu mimi mwenyewe lililegea na Mogaka akaanguka, akapata nundu kwenye paji la uso. "Hili halifunguki," alisema, akaligonga kwa kidole kama mtu anayegonga mlango uliofungwa. Nilikuwa nalitazama lile fundo chini ya kidevu changu siku nzima. Sikulipenda, lakini nililiamini kuliko ninavyowaamini watu wengi leo.

Mvua ya mawe tuliijua. Sehemu zile hunyesha mara kwa mara, punje chache, watoto wanaokota na kumumunya, inaisha. Ile ya siku hiyo ilianza na giza. Mbingu ilikuwa rangi ya ini. Kisha mabati yakapiga, na sauti ile sijui niifananishe na nini. Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba, Mogaka analia, kidevu chake kinagonga bega langu, na sauti yake siisikii hata kidogo. Nilifungua mdomo nikapiga kelele na yangu pia sikuisikia. Nikaendelea kupiga kelele kwa sababu ilikuwa ajabu kupiga kelele na kuwa bubu. Ndoo iliyokuwa nje ilipita mlangoni ikikimbia yenyewe.

Halafu ikakatika, kama mtu amefunga bomba.

Nilifungua mlango. Wenzangu, mimi leo nimeona majengo ya Dallas yenye vioo mpaka mawinguni, nimepanda ndege, nimeona bahari kutoka juu. Sijawahi kusimama tena kama nilivyosimama pale mlangoni. Kila kitu kilikuwa cheupe. Njia nyeupe, paa za laini nyeupe, na mashamba ya chai, yale ya kijani ambayo nilikuwa nadhani dunia nzima imepandwa, yalikuwa yameshuka bonde mpaka bonde meupe, na mvuke unapanda polepole kutoka juu yake kama kutoka kwenye ugali uliopakuliwa. Na harufu. Majani ya chai yaliyopondwa, mabichi, kana kwamba kilima kizima kimepitishwa kwenye mashine ya kiwanda. Nilikanyaga, mguu ukazama mpaka kifundo, ikaniuma kama moto.

Wachumaji walikuwa wametoka walikojibanza. Walisimama kando ya shamba, vikapu vikiwa vimewafunika vichwa, na hakuna aliyesema neno. Nyapara, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu nimjue, alikuwa amevua kofia. Mama Akinyi, jirani yetu wa kulia, ameweka mkono mdomoni. Nikasema moyoni, hata yeye anasali. Nilidhani wote wanaona ninachokiona. Nilidhani watu wazima wakishangaa sana hunyamaza hivyo. Miaka mingi baadaye, nikiwa nachuma mimi mwenyewe, ndipo nilipojua kwamba walikuwa wanaitazama chai iliyochanika, hakuna jani la kuchuma kwa wiki nyingi, na asiyechuma hali. Mimi wakati ule nilikuwa nimesimama kwenye msiba wao nikitabasamu.

Tena nilikuwa na hoja yangu. Katekista alikuwa ametuambia mbinguni ni kweupe na hakuna machozi kule. Mimi nilichukua maneno kama yalivyo. Kama kweupe kule hakuna machozi, na kweupe kumeshuka huku, basi leo hakuna kitu kinachoweza kumuumiza mtu.

Akinyi akaja akikimbia, binti wa huyo huyo Mama Akinyi, alinizidi kama miaka miwili. Alikuwa anaivingirisha tyubu ya trekta, ile kuukuu yenye viraka ambayo fundi wa kiwanda aliitupa nyuma ya karakana.

"Kemunto, njoo tuteremke."

"Nina mtoto."

"Si amefungwa? Atakwenda wapi?"

Nililitazama fundo. Kweli, angekwenda wapi?

Kilima kilikuwa cha nyasi, kati ya kiwanda na uwanja wa mpira, na chini kabisa kulikuwa na mtaro wa maji. Siku za jua watoto waliteremka pale kwa makalio na kuchapwa kwa kutoboa nguo. Tulipofika juu, Akinyi akakaa mbele, mimi nyuma yake, miguu yangu imemzunguka. Niliinusa ile tyubu, mpira uliolowa na ubaridi. Mogaka alikuwa analia kidogo kidogo, kilio cha usingizi. Ncha ya leso ilikuwa imelegea pembeni, nikaisukuma nyuma bila kuangalia. Tukajisukuma kwa mikono.

Mwanzoni ilikwenda kama ng'ombe asiyetaka. Kisha ikashika. Sina maneno ya jambo lile hata leo. Ardhi ilikuwa imeacha kuwa ngumu. Weupe ulipita upande huu, weupe ukapita upande ule, kiwanda kikaja mbele yangu, kikaenda, kikaja tena, nikaelewa kwamba tunazunguka. Upepo uliniingia mdomoni. Nilihisi kifua kinabana, kinabana zaidi, nikadhani furaha ikiwa kubwa ndivyo inavyofanya. Na Mogaka akanyamaza. Akanyamaza ghafla, katikati ya kilio. Nikasema moyoni, naye anaona. Nilifurahi kwamba tunaona pamoja, mimi na ndugu yangu, kwamba hata asiye na meno anajua jambo kubwa likipita.

Ile ncha ya leso ilikuwa imeingia chini ya tyubu. Kila tulipozunguka, kilima kiliivuta.

Mtaro ukatutupa. Nilianguka ubavu, mawe ya barafu yakaniingia kwenye nguo. Akinyi alicheka, nami nikacheka. Akinyi akaacha kucheka kwanza.

"Kemunto. Mbona amekaa hivyo?"

Nilipeleka mkono nyuma. Kichwa chake kilikuwa kimelala upande. Leso ilikuwa imepanda mpaka chini ya kidevu chake, imejisokota, imekuwa nyembamba kama kamba. Nikashika fundo. Vidole vyangu havikuwa vyangu. Niliviona vimelishika, lakini sikuvihisi, kama vya mtu mwingine aliyenisimamia mbele, na fundo lilikuwa limelowa, limevutwa na kilima kizima, limekuwa jiwe. Akinyi akajaribu, akashindwa, akakimbia akiita mama yake. Nikabaki peke yangu. Nilikuwa nataka kumwona uso. Mtoto aliye mgongoni kwako huwezi kumwona uso. Niligeuka, naye akageuka nami, nikageuka tena, nikazunguka pale mtaroni kama mbwa anayetafuta mkia wake, nikimwita jina.

Mama Akinyi alikuja akianguka na kuinuka. Yeye na mama yangu walikuwa hawasemezani tangu wagombane kwenye bomba la maji, hata mvua ya masika ilikuwa imepita wakipishana kama miti. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti mbele yangu, akaingiza uso kwenye kifua changu, akaliuma fundo. Nilisikia meno yake yakisaga kitambaa chini ya kidevu changu. Pumzi yake ilikuwa ya moto na ilinuka viazi. Aliuma, akavuta, akatema, akauma tena. Leso ikaachia, akamdaka.

Akamlaza kifudifudi kwenye paja lake, akamsugua mgongo. Akamgeuza, akampulizia usoni. Akampiga nyayo.

"Lia," alimwambia. "Lia, baba. Lia nikusikie."

Kimya. Kilima chote kilikuwa kimya, ila maji yameanza kutiririka chini ya barafu, sauti ndogo ndogo kila mahali. Na nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Hata wakati ule, ndugu yangu amelala vile, jua lilitoka kwenye wingu likaangukia weupe ule wote na macho yangu yakaenda kuutazama. Yalikwenda yenyewe. Niliyarudisha kwa nguvu.

Mogaka akapata kwikwi. Moja. Kisha ya pili. Kisha uso wake ukakunjamana, akalia, kilio kibaya cha hasira, na Mama Akinyi akakaa chini kwenye barafu na nguo zake zote.

Baada ya kitambo akaniambia, "Sasa na wewe lia kama unataka. Lakini utembee."

Alimbeba Mogaka mikononi mpaka kwetu. Mama alikuwa mlangoni. Mama Akinyi akamwambia, "Mama Kemunto, mtoto wako yuko hai. Keti kwanza ndipo nikwambie." Lilikuwa neno la kwanza baina yao tangu bomba. Mama akaketi kwenye kizingiti akaambiwa yote. Mimi nilisimama pembeni nikingoja fimbo. Nilishaichagua hata moyoni, ile ya mpera iliyokuwa nyuma ya mlango.

Mama alinivuta kwa mkono. Akavitazama vidole vyangu, vyeupe na vimekunjamana, akaviingiza kwenye makwapa yake, chini ya nguo, akavibana hapo. Vilipoanza kupata moto viliuma mpaka nikapiga kelele, hakuniachia.

"Nani alifunga lile fundo?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

Akavibana zaidi. Tulikaa vile mpaka maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye mabati.

Kesho yake sikutoka kitandani. Nilijua sitabebeshwa mtoto tena. Nilijua atatafutwa msichana mwingine, mwenye akili, na mimi nitakuwa yule aliyetaka kumuua ndugu yake. Mama alikuja akanifunua. Chai haikuwepo ya kuchuma, lakini alikuwa anakwenda kuomba kibarua cha kufagia majani yaliyopukutika. Akanigeuza. Nikahisi uzito wa Mogaka mgongoni, joto lake, pua yake yenye mafua kwenye shingo yangu. Nikaegemea ukuta.

"Simama vizuri," mama alisema. Alifunga leso chini ya makwapa ya mtoto, si juu, akachomeka ncha zote mbili ndani. Fundo alipiga moja tu, akanishika mkono akanilazimisha kulivuta. Likafunguka mara moja. Akalifunga tena. "Vuta." Nikavuta. Tulifanya hivyo mara nyingi mpaka nikaweza macho yakiwa yamefumbwa. Kisha akachukua ufagio akaondoka. Hakugeuka nyuma kutuangalia hata mara moja. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona, na mambo yote niliyoyashangaa siku iliyotangulia yalikuwa madogo mbele ya jambo lile.

Mogaka sasa ni mzee mwenye mvi na ng'ombe watatu. Hajui.

Haya ndiyo niliyokuwa nimekaa nayo kwenye benchi. Sikumsimulia Neema, mtoto wa miaka minne habebeshwi mzigo kama huo. Niliinuka nikamwambia anishike mkono, tukaenda kukagua kile kilima kwa macho yangu. Sikuwa nimesema ndiyo. Nilitaka kuona kinaishia wapi.

Kinaishia tambarare. Hakuna mtaro, hakuna mti, hakuna mawe. Kila njia ina kuta zake za theluji pande mbili kama tuta, na mwisho wameweka mikeka ya kukwaruza inayopunguza mwendo. Juu hawaachii tyubu mpaka aliyetangulia ameondoka. Kulikuwa na baba mmoja amesimama katikati ya njia na simu yake, anampiga mwanawe picha, na yule msichana mwenye kofia akampigia filimbi akamtoa kwa ukali. Hapo nikampenda.

Moraa na Kerubo walikuwa wameteremka mara tatu. Kerubo alinipita bila salamu akakimbilia ngazi tena. Moraa akasimama mbele yangu, mashavu yamemwiva kwa baridi, akanitazama tu.

Nikapiga goti mbele ya Neema. Nikamvua skafu, nikampa mama yake. Kamba za kofia ya jaketi nikazichomeka ndani, zote mbili, nikazivuta kuona kama zinatoka. Glavu nikazikaza. Nikamwambia makalio yakae shimoni, mikono ishike vishikio na isiachie hata pua ikiwasha, miguu iwe juu, na asijaribu kusimamisha kwa kisigino kwa sababu mguu wake ni mdogo na kilima si kidogo.

"Nyanya, utanishika?"

"Sitakushika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikikushika tutaanguka wote, na mimi ni mzito. Nitakuwa chini hapa."

Akafikiri. "Mpaka nifike?"

"Mpaka ufike."

Akaenda na mama yake, hakugeuka. Nilihesabu vipandio vya ngazi mpaka nikapotewa na hesabu. Kule juu alikuwa doa la njano. Niliona lile doa linakaa, niliona mikono ya Moraa inamgusa mabegani, kisha inaondoka. Mikono ile ilipoondoka nilielewa jambo kuhusu mama yangu, aliyeondoka na ufagio wake bila kugeuka, ambalo sikuwa nimelielewa miaka yote, na hapakuwa na muda wa kulifikiri.

Alikuja. Tyubu ilizunguka, nikaona uso, nikaona kisogo, nikaona uso. Watoto wengine walikuwa wanapiga kelele njia nzima. Neema hakutoa sauti. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Alipita kuta zile nyeupe akiwa kimya kabisa, akafika kwenye mikeka, tyubu ikakwaruza, ikapunguza, ikasimama, na yeye akabaki amelala ndani yake, uso juu.

Nilivuka kamba iliyotenga njia. Sikumbuki kuivuka.

"Neema."

Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama mbingu. Kifua chake sikukiona kwa sababu ya jaketi.

"Neema, mama. Nijibu."

Macho yakageuka polepole, yakanikuta, na niliyajua. Yalikuwa yametoka mahali ambapo mimi niliwahi kwenda. Hakutabasamu. Akaachia kishikio kimoja, kisha cha pili, kidole kwa kidole, akajiviringisha akatoka mwenyewe kwa magoti, akasimama, akaishika tyubu kwa kamba yake. Ndipo akanitazama vizuri, bibi mzima nimesimama katikati ya njia na viatu vya kanisani.

"Nyanya, toka hapo," aliniambia. "Kuna mtu anakuja."

Nikatoka.